Hekalu la Sri Mariamman, Singapore: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wasomaji, wasafiri na wanafunzi wanaotaka kulielewa hekalu la Sri Mariamman na mji uliolizunguka. Tumeanza na ya msingi, kisha tukaingia kwenye historia, jengo, maisha ya jamii na sherehe ya kukanyaga moto. Mwisho yapo yale yasiyoingia kwa urahisi katika fungu lolote. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Hekalu la Sri Mariamman ni lipi, na liko wapi?

Ni hekalu la Kihindu kongwe kuliko yote nchini Singapore. Lilianzishwa mwaka 1827 na liko namba 244, South Bridge Road, katikati ya mtaa wa Chinatown. Ubavuni mwake zinapita Pagoda Street na Temple Street, na zote mbili zimepata majina kutokana nalo. Tarehe 6 Julai 1973 serikali ililitangaza kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa, kwa hiyo linalindwa kisheria.

Hata hivyo, asiyelijua asidhani ni makumbusho. Kila siku asubuhi na jioni kengele hulia, taa za mafuta huwashwa, na waumini huja na maua, nazi na ndizi mbivu. Hilo ndilo jambo la kwanza kulijua kabla ya mengine yote.

Mariamman ni nani?

Ni mungu wa kike anayeheshimiwa sana katika vijiji vya kusini mwa India, hasa miongoni mwa Watamil. Waumini humwita mama. Ndiye huombwa mvua, na ndiye hukimbiliwa magonjwa ya mlipuko yanapoingia: zamani ndui, pia tetekuwanga na kipindupindu.

Ukilijua hilo, utaona kwa nini wahamiaji wa mwanzo walimtanguliza yeye. Singapore ya miaka ya 1820 ilikuwa bandari changa yenye vichaka, mabwawa na homa. Mtu aliyevuka bahari kutoka pwani ya Coromandel, kusini-mashariki mwa India, hana ndugu wala tabibu anayemfahamu, alimhitaji mlinzi wa afya kabla ya kitu kingine chochote.

Nani alilianzisha?

Naraina Pillay, Mtamil aliyekuwa akiishi Penang, kisiwa kilichomo katika Malaysia ya leo. Alifika Singapore mwezi Mei 1819 kwa meli iliyoitwa Indiana, pamoja na Stamford Raffles, ofisa Mwingereza aliyeanzisha koloni la Singapore, katika safari ya pili ya Raffles kisiwani humo. Pillay hakuwa kuhani. Alikuwa mtu wa kazi na biashara: alipoona mji unaanza kuinuka akafungua tanuri la matofali, akawa mkandarasi wa ujenzi, kisha akafungua duka la nguo za pamba. Duka hilo liliungua mwaka 1822 likamwacha na madeni, akalazimika kuanza upya.

Kwa kuwa alikuwa kiongozi wa Wahindi wa kisiwa hicho, suala la mahali pa ibada lilimwangukia yeye. Ndiye aliyefuatilia kiwanja, na ndiye aliyeweka humo sanamu ndogo ya mungu wa kike, Sinna Amman, ambayo ni umbo la Mariamman. Tunamtaja kwa kirefu kwa sababu historia nyingi za Singapore humtaja Raffles kwa kurasa na Pillay kwa mstari mmoja, ilhali mji haujengwi na mwenye ramani peke yake. Mwenye matofali naye yumo.

## Kiwanja na mtaa

Watu walifika 1819. Mbona hekalu likachelewa hadi 1827?

Kwa sababu kiwanja kilihamishwa mara mbili. Cha kwanza kilitolewa Telok Ayer Street, ambayo wakati huo ilikuwa ufukweni. Kilikuwa na kasoro kubwa: hapakuwa na maji baridi. Ibada ya Kihindu haiendi bila maji safi, maana sanamu huogeshwa, vyombo husafishwa, na muumini mwenyewe hujitakasa kabla ya kusogea mbele. Maji ya chumvi hayakufaa.

Mwaka 1821 kikapatikana kiwanja cha pili karibu na mfereji ambao leo huitwa Stamford Canal. Mwaka uliofuata wakoloni Waingereza wakapanga mji upya, wakagawa maeneo kwa jamii: Wachina upande huu, Wahindi upande ule, Wazungu na ofisi za serikali kwingine. Kiwanja kile kikaangukia nje ya eneo la Wahindi.

Kiwanja cha tatu, cha South Bridge Road, kilitolewa mwaka 1823, na hapo ndipo hekalu lilipo mpaka leo. Mwaka 1827 likasimama jengo la kwanza, la miti na makuti. Miaka michache baadaye ardhi ya jirani ikatolewa sadaka na eneo likapanuka.

Hekalu la Kihindu linafanya nini katikati ya Chinatown?

Hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kana kwamba hekalu ndilo mgeni. Sivyo. Lilipoanzishwa, mtaa wote ulikuwa ndiyo kwanza unapimwa. Wachina walipangiwa upande wa kusini-magharibi wa mto Singapore, na Wahindi kutoka pwani ya Coromandel walikuwa hapo hapo karibu, wakifanya kazi bandarini, kwenye mashua za mizigo, dukani na katika kubadilisha fedha. Jamii hizi zilikua ubavu kwa ubavu. Baadaye Wachina wakawa wengi zaidi na jina la mtaa likawafuata wao, lakini hekalu halikuwa na sababu ya kuhama.

Mgawanyo wa mkoloni ulichorwa kwa mistari iliyonyooka. Maisha yakajipangia yenyewe. Leo mtu akitembea South Bridge Road kwa dakika chache hupita msikiti, hekalu la Kihindu na hekalu la Kibudha.

Kama ni hivyo, Little India, mtaa wa Wahindi wa Singapore, ilitoka wapi?

Little India iko upande mwingine, kandokando ya Serangoon Road, na ilikua baadaye. Iliinuliwa zaidi na ufugaji na biashara ya ng'ombe, kwani eneo lilikuwa na malisho na maji, na kiwanja cha mbio za farasi kilichokuwa karibu nacho kilihitaji wachungaji na watunza wanyama. Kazi ziliwavuta Wahindi, makazi yakafuata kazi, mahekalu yakafuata makazi. Sri Mariamman ni la kipindi cha kabla ya hapo, cha bandari na mto.

## Jengo

Je, jengo ninaloliona leo ndilo la mwaka 1827?

Hapana. Makuti na miti havidumu katika nchi ya mvua za mwaka mzima. Sehemu kongwe zaidi za matofali zilizopo sasa ni za mwaka 1843. Mapambo ya udongo na chokaa yalifanywa na mafundi waliotoka wilaya za Nagapattinam na Cuddalore, kusini mwa India, ambako ufundi wa sanamu za mahekalu hurithiwa baba kwa mwana.

Mwaka 1910 moto uliteketeza kibanda cha mbao kilichounganisha lango na patakatifu. Badala yake ukajengwa ukumbi wa kudumu, uliochorwa na kampuni ya wasanifu ya Swan and Maclaren, ile ile iliyochora majengo mengi ya Kizungu mjini humo. Kwa hiyo unaposimama ukumbini, unakanyaga kazi ya mikono ya watu wa mataifa mbalimbali na vizazi tofauti.

Ule mnara wa sanamu langoni una maana gani?

Huitwa gopuram, na ni alama ya mahekalu ya kusini mwa India. Ni lango lililoinuliwa hadi likawa mnara. Kazi yake ya kwanza ni kuonekana kwa mbali: aliye shambani au majini, asiyeweza kufika hekaluni saa hiyo, hutazama mnara, akainamisha kichwa, akaendelea na shughuli zake. Kazi ya pili ni kutenganisha. Nje ni soko, ndani ni ibada, na mlango mkubwa wa mbao uliopo chini yake una kengele ndogo ambazo waumini huzigusa wanapoingia.

Mnara wa mwaka 1903 ulikuwa mwembamba zaidi, wenye ngazi tatu na sanamu chache. Huu wa sasa ulijengwa mwaka 1925, na katika miaka ya 1960 ukaongezewa sanamu na rangi. Kwa wengi wanaokuja na picha ya hekalu la kale lenye mawe ya kijivu, rangi hizi kali huwashangaza. Hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Katika Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, vilevile minara mingi hupakwa hivyo hivyo, na kila rangi na kiungo cha sanamu hufuata kanuni za mafundi.

Kwa nini hukarabatiwa kila baada ya miaka kadhaa?

Kwa desturi, hekalu hutabarukiwa upya takriban kila miaka 12. Waumini wanaamini nguvu takatifu iliyomo hupungua kadiri muda unavyopita, hivyo lazima ihuishwe. Kabla ya siku yenyewe, mafundi hutengeneza nyufa, hurudisha sanamu zilizomeguka na kupaka rangi. Kisha makuhani husoma mantra, yaani maneno matakatifu, kwa siku kadhaa, na kilele chake ni kupanda juu ya minara na kumwaga maji yaliyobarikiwa kwenye vilele vyake, huku umati chini ukinyoosha mikono ili angalau tone liwaguse.

Mara mbili za karibuni ni mwaka 2010 na Februari 2023. Ukarabati uliotangulia tendo la 2023 uligharimu takriban dola milioni 3.5 za Singapore, mafundi wa sanamu wakaletwa kutoka India, na siku ya kutabaruku watu wapatao 20,000 walijaa barabarani.

Maoni yetu ni kwamba desturi hii imelihifadhi jengo vizuri kuliko sheria peke yake ingeweza. Sheria inakataza kubomoa. Ibada inadai kutengeneza.

Ndani kuna miungu gani?

Mariamman yuko patakatifu pa kati. Kushoto na kulia kwake wako Rama na Murugan. Pembeni yapo mabanda huru ya Ganesha, Durga, Aravan, Muthularajah na Draupadi. Banda la Draupadi ndilo la pili kwa heshima, na sababu yake iko katika fungu la kukanyaga moto hapa chini. Mbele ya patakatifu kuna mlingoti wa bendera, unaotumika kutangaza mwanzo wa sherehe. Juu ya kuta zinazozunguka eneo wamekaa ng'ombe wa sanamu, wakitazama barabarani.

## Hekalu na watu wake

Zaidi ya ibada, lilikuwa na kazi gani?

Nyingi. Mhamiaji aliyeshuka melini bila mwenyeji alielekezwa hapa. Alipata pa kulala na mtu wa lugha yake wa kumwambia wapi kuna kazi, mpaka alipojitegemea. Wengi wa waliokuja walikuwa wanaume peke yao, na hekalu likawa nyumba, ofisi ya ajira na baraza la wazee kwa wakati mmoja. Migogoro iliyoweza kumalizwa bila polisi ilimalizwa hapo.

Kisha kuna ndoa. Kwa muda mrefu wakati wa ukoloni hekalu hili ndilo peke yake lililoruhusiwa kufungisha na kusajili ndoa za Kihindu kisiwani. Familia nyingi za Wahindu wa Singapore, hata zile ambazo leo husali kwingine, zikifuatilia nasaba zao zitafika kwenye ukumbi huu. Siku hizi ndoa husajiliwa serikalini, lakini harusi bado hufungwa hapo.

Ukituuliza thamani kubwa ya hekalu hili ni ipi, hatutautaja mnara. Tutautaja ukumbi wake.

Mbona kuna msikiti karibu kabisa? Hawakugombana?

Msikiti huo ni Masjid Jamae, na hauko karibu kwa bahati tu. Ulianzishwa mwaka 1826, mwaka mmoja kabla ya hekalu, na Wachulia, yaani Waislamu Watamil wa pwani ile ile ya Coromandel. Walivuka bahari ile ile, wakazungumza lugha ile ile, wakafanya biashara mitaa ile ile. Dini ziliwatofautisha, asili iliwaunganisha. Jengo la msikiti unaloliona sasa lilikamilika katika miaka ya 1830, na Mosque Street ikapata jina kwake. Nao ni mnara wa kumbukumbu wa taifa tangu mwaka 1974.

Singapore imewahi kupata machafuko ya kikabila, ya mwaka 1964 yakiwa mabaya sana, na si haki kuuchora mji huu kana kwamba haujawahi kuumia. Lakini nyumba hizi mbili zimebaki majirani kwa karibu miaka 200.

Wachina nao husali humo?

Baadhi, ndiyo. Wako Wachina wanaoingia kuomba, na katika sherehe ya moto wapo wanaoweka nadhiri na kuitimiza kama wengine. Mfano ulio wazi zaidi uko Waterloo Street, ambako hekalu la Sri Krishnan limepakana na hekalu la Kichina la Kwan Im, mungu wa kike wa huruma. Hapo Wachina wakitoka kwa Kwan Im huingia kwa Krishna na ubani wao mkononi.

Nani analisimamia?

Bodi ya Wakfu wa Kihindu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Inasimamia mahekalu manne, hili likiwemo. Kabla yake kulikuwa na bodi moja ya kikoloni iliyosimamia wakfu za Waislamu na Wahindu kwa pamoja, tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

## Kukanyaga moto

Timiti ni nini?

Ni sherehe ya kutembea juu ya makaa ya moto, inayofanyika kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, kama wiki moja kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Imefanyika katika hekalu hili tangu mwaka 1840.

Humhusu Draupadi, mke wa ndugu watano wa Pandava katika utenzi wa Mahabharata. Alidhalilishwa mbele ya baraza, vita vikapiganwa, na baada ya vita alipita motoni akatoka salama, ikawa ushahidi wa usafi wake. Sherehe haianzi siku ya moto. Kwa wiki nyingi kabla, bendera hupandishwa na visa vya Mahabharata huigizwa na kusomwa hekaluni, kipande kwa kipande.

Siku yenyewe, maandamano huondoka usiku hekalu la Sri Srinivasa Perumal, Serangoon Road, yakatembea takriban kilomita nne hadi South Bridge Road. Kuhani mkuu huongoza akiwa na chungu kitakatifu kichwani. Yeye huvuka shimo la makaa kwanza, kisha wengine mmoja mmoja, na mwisho wa shimo kila mmoja hutua ndani ya kidimbwi cha maziwa.

Kwa nini hawaungui?

Waumini watakujibu kwamba mama huwalinda waliofunga na kujiweka safi. Wataalamu wa fizikia watakujibu kwamba makaa yaliyofunikwa na majivu hupitisha joto polepole, na unyayo huyagusa kwa muda mfupi sana. Majibu haya mawili hayalazimiki kupigana: fizikia inaeleza unyayo, nadhiri inaeleza kwa nini mtu amefika pale. Wapo wanaoungua, hasa wanaosita au kuanguka, na ndiyo maana huduma ya kwanza huwa tayari kando ya shimo.

Wanawake hushiriki?

Katika hekalu hili wanaokanyaga moto ni wanaume. Wanawake hutimiza nadhiri zao kwa njia nyingine, kama kubeba vyungu vya maziwa au kulizunguka shimo la moto. Watu huuliza iwapo hilo litabadilika, hasa kwa kuwa anayekumbukwa siku hiyo ni mwanamke aliyepita motoni. Kwa kuwa ni kanuni ya hekalu, mabadiliko hayo yatakuwa juu ya waumini wenyewe.

## Maswali mengine

Thaipusam, ile ya watu wenye mishale mwilini, hufanyika hapa?

Hapana. Thaipusam ni ya Murugan, na maandamano yake hutoka Sri Srinivasa Perumal kuelekea hekalu la Sri Thendayuthapani lililopo Tank Road, ambalo lilijengwa na Wachettiar, jamii ya Watamil wakopeshaji fedha, mwaka 1859. Mkanganyiko unatokana na mahali pa kuanzia, maana timiti nayo huanzia hapo. Hata hivyo, siku moja kabla ya Thaipusam gari la fedha lenye sanamu ya Murugan hupitishwa mitaani, na husimama Sri Mariamman.

Nimeona hekalu lenye jina hili Malaysia. Ni tawi?

Si tawi. Kila Watamil walipokwenda walimjengea Mariamman: Penang mwaka 1833, Kuala Lumpur mwaka 1873, pia Bangkok, Ho Chi Minh City na hata Pretoria, Afrika Kusini. Kila moja lina wasimamizi wake. La Kuala Lumpur nalo liko ndani ya Chinatown, na sababu ni za namna moja na zile tulizozieleza katika fungu la kiwanja na mtaa.

Mimi si Mhindu. Naweza kuingia?

Unaweza, bila kiingilio. Vua viatu nje, funika mabega na magoti, na usipige picha usoni mwa mtu anayeomba. Patakatifu pa kati huingiwa na makuhani tu. Hata Wahindu wenyewe husimama mbele yake. Hekalu hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo anayefika saa nane mchana huishia kuutazama mnara kutoka barabarani. Saa za ibada ya jioni ndizo bora kwa mgeni, mradi asimame pembeni na kuwaachia waumini nafasi ya mbele.

Nikipewa majivu, maji au chakula na kuhani, nifanye nini?

Vipokee kwa mkono wa kulia. Majivu hupakwa kwenye paji la uso, maji hunywewa kidogo kutoka kiganjani, na chakula huliwa, hakitupwi. Kama imani yako haikuruhusu, kunja mikono kifuani na utikise kichwa kwa upole. Hakuna atakayekukasirikia, maana mji huu umezoea jirani asiyekula kilicho mezani kwa mwenzake.